Gari Lililokataa Gia ya Tatu

"Panda! Panda basi, panda!" Trela aliliambia gari lake, na gari halikupanda.

Hakukuwa na mlima pale. Alichotaka lipande ni gia. Barabara ilikuwa tambarare na nyeupe mbele yao, mahali ambapo gari lolote lenye adabu lingekwishaingia gia ya tatu na kunyamaza. Hili la kwake lilinguruma kwenye gia ya pili kama mtu anayesafisha koo bila kusema neno, likasita, likalegea kana kwamba limesahau linakokwenda, kisha kitu kikalipiga kwa ndani, du! Vichwa vikaenda mbele, vikarudi nyuma. Kwenye kiti cha katikati, mkewe, aliyekuwa amenyoosha mguu wake mbovu juu ya mto, aliuma meno.

"Pole, Mama Watoto."

"Wewe endesha. Pole zako nimezijaza kapu."

Nyuma yao honi zilianza. Kijana mmoja wa pikipiki akawachomokea kwa pembeni, akapunguza mwendo sawa na dirisha la Trela, akapiga kelele: "Mzee, amua bwana! Unasimama au unakwenda?"

"Nenda zako huko!" Trela alimjibu, ingawa kijana alikuwa amekwishakwenda. "Mwone. Barabara yote hii, haoni pa kupita mpaka anitukane kwanza."

"Mbona kila siku wanakupigia honi wewe tu?"

"Kwa sababu adabu imekwisha duniani, ndiyo sababu."

Gari likagonga tena, du! Mkewe safari hii aliushika mguu wake kwa mikono miwili, na hilo lilimuuma Trela kuliko honi zote za mji.

Jina la Trela alipewa na utingo wake wa kwanza, zamani, alipoanza kuendesha malori ya mizigo ya masafa marefu, na lilimganda hata majirani hawakujua kama ana jingine. Maisha yake yote ya kazi aliyaendesha. Alibeba saruji, mbolea, magodoro, na mara moja mashine ya kuchapishia magazeti, ambayo aliifikisha bila mkwaruzo na hakuacha kuisimulia. Klachi ya malori yale ilikuwa ngumu kama mlango wa ghala lenye kutu. Aliisukuma na kuiachia, akaisukuma na kuiachia, mpaka paja lake la kushoto likawa nene kuliko la kulia, na fundi cherehani akawa anamshonea suruali zenye mguu mmoja mpana. Hata kitandani mguu ule haukulala. Ulisukuma ubao wa kitanda, ukaachia, ukasukuma tena. Mkewe alizoea. Asubuhi alimuuliza, "Haya dereva, umefika wapi leo? Maana umebadili gia usiku kucha."

Siku kampuni ilipoleta malori mapya na madereva wapya wa bei nafuu, Trela alipewa mkono, akapewa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyenyang'anywa kazi yake anahitaji sana kujua ni saa ngapi. Saa ile aliitundika sebuleni. Ilikuwa inachelewa.

Kisha mkewe akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akarudi nyumbani na magongo mawili na amri ya daktari: mara mbili kwa wiki aende hospitali, upande wa pili wa mji, kufanyishwa mazoezi ya viungo. Magari ya kukodi yalikuwa yamebana, na kila aliyeyaendesha aliyaendesha kama anakimbizwa. Trela akasema hapana. Yeye aliyefikisha mashine ya magazeti bila mkwaruzo ashindwe kumfikisha mkewe? Akanunua gari la familia, la dizeli, la viti saba, lenye mlango wa kuteleza ubavuni ili mgonjwa aingie bila kukunja mguu. Lilikuwa limetumika huko ng'ambo mpaka wenyewe wakalichoka, likapakiwa melini na kuletwa kwetu sisi ambao hatujapewa nafasi ya kuchoka. Muuzaji alilipangusa kwa kitambaa huku akiapa kwamba lilikuwa la kwenda sokoni na kurudi.

"Na hili ni otomatiki, mzee wangu," muuzaji alisema. "Utapumzika. Gia zinajipanga zenyewe."

Zilijipanga zenyewe kweli, kwa namna zilivyotaka zenyewe.

Fundi wa kwanza, mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha matofali, aliyelifungia breki mpya liliponunuliwa, alimsikiliza Trela nusu sentensi, akanyoosha mkono kutaka ufunguo. "Kaa pembeni, mzee." Akaliendesha mpaka mzunguko wa barabara na kurudi. Gari lilikwenda kama limepakwa siagi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, wala huzisikii.

"Mbona halina tatizo?" fundi akauliza.

"Linakuogopa," Trela alisema kwa uchungu. "Kama mtoto mtundu mbele ya mgeni. Subiri uone nikiondoka."

Fundi akacheka, lakini hakusubiri aone. Akabadilisha mafuta ya gia, maana kitu fulani lazima kibadilishwe mtu akija gereji. Mafuta yaliyobaki akamrudishia Trela kwenye dumu. Trela, kwa kuogopa dumu lisipinduke na kuchafua viti, alilisimamisha chini miguuni pake, upande wa kushoto, akaukunja mguu wake chini ya kiti ili ulipishe. Akarudi nyumbani na gari halikugonga hata mara moja. Aliimba njiani. Alipofika alimwita mkewe dirishani, akampigia saluti.

"Limepona!"

Dumu akalishusha, akaliweka jikoni nyuma ya mlango. Asubuhi iliyofuata walitoka kwenda hospitali na kabla ya kufika kwenye duka la samani, du!

"Mafuta yamechakachuliwa," Trela alitangaza. Alimrudia fundi akiwa amefura, wakatupiana maneno mbele ya wateja, na fundi akaapa kwa mama yake mzazi kwamba mafuta ni halali. Alipoinama kuangalia chini ya gari aliona jambo jingine. "Mzee, breki zako nazo zimekwisha. Zile nilizokufungia juzi juzi tu."

"Si hizo spea zako feki za maboksi!"

"Gari zito hili, mzee. Linakula breki." Akazibadilisha, na hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Fundi wa pili alikuwa na kompyuta. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akachomeka waya chini ya usukani, akatazama kioo kwa muda mrefu kama daktari anayetafuta namna ya kusema jambo baya. Kisha akasema, "Haioneshi kosa lolote."

"Mimi ninalionesha! Mimi hapa! Mke wangu analionesha!"

"Kompyuta haidanganyi, mzee."

"Kwa hiyo ninayedanganya ni mimi?"

Fundi wa kompyuta naye akaomba ufunguo, akamwambia Trela akae pembeni. Gari likateleza kama samaki. Wa tatu, aliyesifiwa na jirani, hakutaka hata kuliendesha. Alitia kichwa chini ya boneti, akakitoa, akasema giaboksi nzima itupwe iwekwe nyingine, naye anayo, ya gari lililopata ajali. Trela alimtazama tu, akaondoka. Watatu wale walikuwa wajuzi, sikatai, na wawili kati yao walikaa kwenye kile kiti na kukanyaga mafuta kwa miguu yao wenyewe. Lakini hakuna hata mmoja aliyekaa kando ya mzee na kumwambia: haya, endesha wewe, nikuone. Mteja kwetu ni mtu wa kuleta gari na kushika mkia.

Binti yao wa kwanza, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima mji mwingine, alifika Ijumaa na gari lake dogo jekundu. Jumamosi walimpeleka mama hospitali pamoja, yeye akiwa amekaa kando yake nyuma, amemshika mkono. Trela alikuwa amejiandaa kwa safari ile kama mtihani. Alikanyaga mafuta kwa upole, kama anayekanyaga mayai. Mguu mwingine nao aliuweka tayari, kwa tahadhari, asije akashtukizwa. Gari liligonga kwenye mzunguko, likagonga kwenye daraja, na kwenye mteremko wa hospitali lilishuka gia kwa kishindo hata mama akatoa sauti aliyokuwa ameizuia wiki zote zile.

Jioni, binti aliongea akiwa anakunja nguo, macho chini.

"Baba, Mama anakwenda na mimi. Kwangu hospitali iko ng'ambo ya barabara. Atakaa mpaka atembee vizuri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atembee, Baba. Mwaka huu uishe tuone."

"Nitalitengeneza gari."

"Umelitengeneza mara ngapi? Ule mfupa haungojei giaboksi yako. Leo umemsikia mwenyewe."

Trela alimtazama mkewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, magongo yamelazwa mapajani, anatazama ile saa inayochelewa. Hawakuwahi kukaa mbali ila kwa safari za lori, na siku zile aliyeondoka alikuwa yeye, na alijua siku ya kurudi.

"Wewe unasemaje, Mama Watoto?"

"Mimi nasema nyumba hii naipenda," mkewe alijibu polepole. "Na wewe nimekuzoea, nitafanyaje. Lakini likigonga naona nyota, dereva wangu. Mchana kweupe."

Kwa Trela neno "dereva" halikuwa utani, hata mkewe alipomtania nalo. Trela alitoka nje akalizunguka gari, akalipiga teke gurudumu, kwa mguu ule ule mnene, akaumia kidole.

Jumapili asubuhi walipakia. Gari dogo la binti halikuwa na nafasi ya kitanda cha mgonjwa, godoro, kiti cha kuogea wala sanduku la nguo, hivyo ikaamuliwa Trela atangulie na mizigo kwenye gari lake, na binti afuate nyuma na mama yake. Magodoro tena! Alimaliza kazi yake na magodoro, na sasa alikuwa anabeba la mkewe, kumwondoa nyumbani. Hakumsaidia kuingia kwenye gari jekundu. Alijifanya anakaza kamba.

Waliondoka. Nyuma ya usukani Trela alikuwa anaongea peke yake. Gari liligonga mara ya kwanza hata kabla ya kituo cha mafuta. "Gonga," aliliambia. "Gonga tu. Leo huna wa kumuumiza." Likagonga. Walipotoka nje ya mji, kwenye barabara iliyonyooka yenye mashamba ya alizeti pande zote, lilikuwa bado linanguruma kwenye gia ya pili, na hapo akasikia honi nyuma yake.

Alitazama kwenye kioo. Alikuwa binti yake. Mwanawe wa kuzaa!

"Na wewe?" Trela alisema. "Na wewe unanipigia honi?"

Honi ikaendelea, sasa na taa, zinawaka na kuzima. Akaongeza mafuta kwa hasira. Injini ikapiga kelele, gia ikakataa, gari jekundu likamganda nyuma likipiga honi bila aibu. Mkono ulikuwa umetolewa kwenye dirisha la abiria, na mkononi mlikuwa na gongo. Gongo lilikuwa linapepewa hewani kama bendera. Trela akadhani mkewe amezidiwa. Akaegesha pembeni, akaruka chini akaacha mlango wazi, akakimbia.

"Nini? Kuna nini? Nyonga?"

Mkewe alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, huku amejishika ubavu kwa kuogopa kuumia. Binti yake hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na uso wa mtu aliyesikia jambo lisilowezekana.

"Nyonga yangu ni nzima," mkewe alisema. "Mzee, niambie ukweli. Wewe ulipokuwa unakwenda, ulikuwa unasimama?"

"Nasimama vipi na ninakwenda?"

"Taa zako nyekundu za nyuma zimewaka tangu nyumbani. Zimewaka kwenye tambarare, zimewaka kwenye mlima. Zinapepesa kidogo, zinawaka tena. Huyu mwanao anasema, Mama, Baba anafunga breki muda wote, taa imeharibika nini? Nikamwambia, taa haijaharibika." Akajipangusa macho. "Nimelala kando ya mguu ule tangu nilipokuwa msichana. Unasukuma, unaachia, unasukuma. Nimeujua pale pale. Nikasema, Mungu wangu, ule mguu!"

Trela akatazama mguu wake wa kushoto. Ulikuwa umesimama kwenye kokoto kama mguu wowote.

"Hakuna klachi kwenye gari lile, Baba," binti alisema kwa sauti ya mtu anayejitahidi. "Hapo unapouweka ni breki."

"Ninajua kwamba ni breki! Mimi nimeuweka tu. Nimeupumzisha. Sikanyagi!"

"Unagusa. Ukigusa tu taa inawaka, na gari linaambiwa mwenyewe anataka kusimama. Litapandaje gia na wewe unaliambia simama? Mguu mmoja unasema nenda, mwingine unasema simama!"

Pikipiki zile zote. *Mzee, amua.* Trela alifungua mdomo kusema kwamba upuuzi huo hauwezekani, kwamba mafuta yalichakachuliwa, kwamba mafundi wote ni wezi. Kisha akakumbuka dumu. Dumu lile la mafuta lililosimama upande wa kushoto, mguu wake umekunjwa chini ya kiti, na yeye anaimba.

Akageuka kuelekea gari lake.

"Nendeni mkakae nyuma yangu," alisema. "Tutaona."

Alipanda garini. Akautazama mguu kama mtu anayemtazama shemeji mlevi sebuleni, akaukunja, akausukuma chini ya kiti, akaubana hapo. Akakanyaga mafuta kwa mguu wa kulia. Gari likaondoka. Ya kwanza. Ya pili. Akasubiri kipigo, mabega yamempanda masikioni. Injini ikashusha sauti yenyewe, taratibu, na alizeti zikaanza kupita haraka zaidi, na hapo ndipo alipotambua kwamba yuko gia ya tatu, hapana, ya nne, na hakuna kishindo kilichomtaarifu.

Hakufurahi. Alishikwa na hasira kali kuliko zote za miezi ile. Aliegesha tena, akashuka, akarudi kwenye gari jekundu anaongea tangu mbali.

"Gari gani hili lisilotaka mguu wa mtu? Eh? Mguu umelisha watoto wanne, leo unaambiwa ukae chini ya kiti kama paka? Na wale mafundi! Wamefungua kila kitu, wamemwaga mafuta, wamechomeka nyaya, hakuna mmoja aliyeniambia, mzee, hebu endesha nikuone!"

"Taa zimezimika?" mkewe alimuuliza binti, bila kumjali mumewe.

"Zimezima, Mama. Hazikuwaka hata mara moja."

"Basi nifungulie mlango."

"Mama, tafadhali. Nimeomba ruhusa kazini. Nimekupakia rangi chumba kizima."

"Chumba kizuri, mwanangu, nitakuja kukiona nikitembea. Nitakuja na miguu yangu. Sasa nifungulie mlango."

"Na akisahau? Ule mguu haumsikii hata yeye mwenyewe!"

"Hausikii, kweli," mkewe alisema. "Ndiyo maana mimi nakaa nyuma yake na gongo."

Waliteta kidogo, kwa namna ya watu wanaojua nani atashinda. Godoro lilisogezwa, sanduku likahamia gari jekundu, na mama akapandishwa kwa mlango wa kuteleza, akanyoosha mguu juu ya mto wake. Binti alisema atawafuata nyuma mpaka nyumbani, awe macho kwenye taa, na zikiwaka hata mara tatu atamchukua mama yake pale pale, na asimsikie mtu. Trela akasema sawa.

Aligeuza gari kwenye njia ya shamba, kwa uangalifu, kama anayegeuza trela. Wakaanza kurudi. Ya pili, ya tatu. Mkewe alifumba macho, mikono imetulia mapajani, na kwa mara ya kwanza Trela alimwona kwenye kioo akiwa hajauma meno.

"Dereva wangu," alisema, macho yamefumbwa vile vile.

Trela akavimba kichwa. Akaanza kueleza kwamba tangu mwanzo alihisi jambo hili si la giaboksi, kwamba ile siku ya dumu kidogo agundue, kwamba hata kwenye malori kuna wakati mtu anatakiwa kuusikiliza mwili wake. Mlima mdogo ulikuwa unakuja mbele. Alipouona, mwili ukajiandaa wenyewe kama ulivyojiandaa maisha yote, na kitu kikatambaa kutoka chini ya kiti.

Nyuma, honi ya gari jekundu ikalia.

Gongo likagonga mgongo wa kiti chake, paaa!

"Mguu!"

"Nimeutoa!"

"Moja hiyo!" mkewe alisema. "Endesha."